Shajara ya mradi: mazoezi ya nguvu na usawa katika makazi ya wazee

Mahali na lengo

Makazi ya wazee na wasiojiweza, mwambao wa Tanzania. Vyumba vimepangwa kwa safu, kila safu ina baraza ya saruji, na choo kiko nje, mwisho wa safu. Choo hicho ndicho kilichoamua lengo la mradi: mkazi ainuke kitandani mwenyewe, atembee hadi chooni, akae au achuchumae, ainuke tena, arudi. Zoezi lisilosaidia safari hiyo tunaliacha, hata kama linawapendeza wageni wanaokuja na zawadi.

Msingi wa kazi hii si mpya. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya wazee 10 dhaifu wa makao, wastani wa umri miaka 90, walionyanyua uzito mkubwa kwa wiki 8. Nguvu za misuli ya paja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Mwaka 1994 walirudi na wazee 100 na wiki 10: nguvu zilipanda kwa asilimia 113, kasi ya kutembea kwa karibu asilimia 12. Uzito waliotumia ulikuwa asilimia 80 ya ule ambao mtu anaweza kuunyanyua mara moja tu, seti 3 za marudio 8, siku 3 kwa wiki. Umeå nchini Uswidi, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kwa wakazi 191 wa makao 9 ulifanya kazi ya aina hiyo bila mashine, kwa kuinuka, kupanda kidato na kutembea na mzigo. Ndani yao walikuwamo waliopoteza kumbukumbu.

Kinachounganisha kazi hizo ni mzigo unaoongezeka. Mazoezi yaliyozoeleka makaoni, watu wameketi duara wakipunga mikono na kuzungusha viganja, yanachangamsha na hayana ubaya. Ila paja halijui kama kuna zoezi. Mtu anaweza kupunga mikono mwaka mzima na bado akashindwa kuinuka kitini.

Wiki ya 1: kupima

Tumetumia kipimo cha SPPB, jaribio fupi la usawa, mwendo na nguvu za miguu, kwa sababu kinataka simu yenye saa ya sekunde, kiti, na mita 4 za sakafu. Sehemu ya kwanza ni kusimama sekunde 10 miguu ikiwa sambamba (alama 1), kisha kisigino cha mguu mmoja kikiwa kando ya dole gumba la mwingine (alama 1), kisha kisigino mbele ya vidole, mstari mmoja (alama 2; akiweza sekunde 3 lakini asifike 10, alama 1). Sehemu ya pili ni kutembea mita 4 kwa mwendo wa kawaida: chini ya sekunde 4.82 ni alama 4, hadi 6.20 alama 3, hadi 8.70 alama 2, zaidi ya hapo alama 1. Sehemu ya tatu ni kuinuka kitini mara 5 mikono ikiwa imekunjwa kifuani: sekunde 11.19 au pungufu ni alama 4, hadi 13.69 alama 3, hadi 16.69 alama 2, hadi dakika moja alama 1. Jumla ni 12.

Kasoro za kupima ni zilezile kila mahali. Mtu akijua anatazamwa, anaongeza mwendo. Mwambie atembee kama anayekwenda kunawa mikono. Akiuona mstari wa mwisho anapunguza mwendo kabla ya kuufikia, kwa hiyo mwekee kiti mita 2 mbele ya mstari na umwambie aende hadi kwenye kiti, huku saa ikisimamishwa mguu wa kwanza unapovuka. Fimbo inaruhusiwa, lakini iandikwe, maana kipimo cha mwisho lazima kifanyike na fimbo ileile.

Tatizo kubwa zaidi ni sifuri. Wakazi wengi hawawezi kuinuka hata mara moja bila mikono, na SPPB haimtofautishi anayekaribia kuweza na asiyeweza kabisa. Kwao tumeongeza kipimo chetu: kimo cha chini kabisa cha kiti ambacho mtu anainuka bila mikono. Tunaanza na sentimeta 43, ambacho ni kimo cha kawaida katika vipimo vya kuinuka, na kupandisha kwa vibao vya inchi moja moja vinavyowekwa juu ya kiti, si chini ya miguu ya kiti. Kila kibao kina kipande kilichopigiliwa upande wa chini ili kisiteleze, na blanketi lililokunjwa linakaa juu.

Wiki ya 2: vifaa

Viti vya plastiki vimeondolewa kwenye mazoezi. Juu ya saruji iliyopigwa nili miguu yake hutanuka pale mtu anapoegemea upande mmoja, na kiti chenyewe ni chepesi kiasi cha kurudi nyuma kikisukumwa na miguu. Tunatumia viti vya mbao vyenye mikono, vikiwa vimeegemezwa ukutani.

Uzito wa miguuni umeshonwa na fundi wa cherehani. Kitambaa ni kaki nzito, tabaka mbili, urefu sentimeta 35 na upana 14, kikagawanywa mifuko mitano ya sentimeta 7 kila mmoja. Kila mfuko unapokea gramu 200 za mchanga, jumla kilo 1. Mchanga uliokauka una uzito wa takriban kilo 1.6 kwa lita, kwa hiyo gramu 200 ni kama mililita 125. Afadhali kutumia mzani wa jikoni kuliko kukisia. Ukishajazwa, mkanda hufupika kwa karibu robo kwa sababu mifuko inavimba. Kwa hiyo ukiukata kwa kipimo cha kifundo cha mguu hautafunga.

Mambo matatu ya kuangalia. Mchanga uchekechwe na uanikwe juani siku mbili, la sivyo unyevu unaozesha mshono. Usijaze hadi juu, maana mfuko uliojaa haukunjiki kuzunguka mguu. Na mchanga uwe ndani ya kifuko cha nailoni kabla ya kuingia kwenye kaki, kwa sababu chembe zikivuja zinaingia kwenye velkro na baada ya muda mfupi velkro haishiki tena.

Mipira ya tyubu za baiskeli tumeijaribu kwa mazoezi ya mikono tu. Ni rahisi na ipo kila mahali, lakini huwezi kujua inavuta kilo ngapi, na tyubu iliyokaa juani hupasuka ghafla. Kabla ya kila kipindi inavutwa na kukaguliwa, hasa karibu na valvu, na yenye ufa inatupwa.

Reli ya baraza ni bomba la galvanaizi la inchi moja na nusu. Bomba jeusi lililopakwa rangi halidumu karibu na bahari. Kimo ni mkunjo wa kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, mtu akiwa amesimama na mkono umening'inia. Kwa wakazi wetu inaangukia kati ya sentimeta 80 na 88, na tumechukua 85. Nafasi kati ya bomba na ukuta ni sentimeta 5. Ukuta ni wa matofali ya saruji yaliyochoka, na boliti za kupanuka hung'oka humo pale mtu mzima anapojitupa juu ya reli, kwa hiyo boliti zimetobolewa hadi upande wa pili na kufungwa kwa bamba la chuma na nati.

Wiki ya 3: kuinuka kitini

Zoezi hili linachukua nusu ya kila kipindi. Likifanyika vizuri, mengine yanafuata.

Hatua ni hizi. Matako yaje ukingoni mwa kiti. Visigino virudi nyuma ya magoti. Miguu iachane kwa upana wa nyonga. Kifua kiinamie mbele hadi pua iwe juu ya vidole vya miguu, ndipo miguu isukume. Akifika juu asimame wima, akaze matako, ahesabu mbili. Kushuka ni polepole kwa hesabu ya tatu, maana misuli inayomzuia mtu asijibwage kitini ndiyo inayomzuia asianguke anapopiga hatua.

Hatua ya kwanza ndiyo inayokwama. Mhudumu anasema, "Bibi, sogea mbele kidogo." Bibi anajibu, "Nimesogea, mjukuu wangu," na kweli mabega yamekuja mbele, lakini matako yako palepale. Maneno hayatoshi. Mhudumu aketi mbele yake aonyeshe kutembea kwa matako: egemea kulia, tako la kushoto lisogee; egemea kushoto, la kulia lisogee.

Hatua ya pili huzuiwa na nguo. Khanga iliyobana magotini haiwezi kuruhusu visigino kurudi nyuma, na kikoi kirefu kinakanyagwa mtu anaposimama. Khanga ifungwe upya juu zaidi, kwa staha na kwa ridhaa ya mwenyewe, wanawake wakiwa na mhudumu mwanamke. Ndala pia hazifai. Kobazi za tairi zenye mkanda wa nyuma zinashika sakafu vizuri na bei yake ni ndogo.

Mzigo unaongezwa hivi. Anza na kimo ambacho mtu anaweza marudio 8 lakini ya mwisho yanamlemea. Akifikisha seti 2 za marudio 10, ondoa kibao kimoja. Vibao vikiisha, ashike mfuko wa mchanga wa kilo 2 kifuani, kisha kilo 4. Mizani ya ugumu ya 0 hadi 10 inawachanganya wakazi wengi, kwa hiyo tunauliza swali moja baada ya seti: "Ungeweza kuongeza ngapi?" Akisema moja au mbili, mzigo ni sawa. Akisema tano, kipindi kijacho unaongezwa. Akisema, "Hata ishirini, mwanangu," usiamini moja kwa moja, mtazame shingo na mikono.

Pumzi isizuiwe. Kuzuia pumzi wakati wa kusukuma hupandisha presha ghafla, na presha hushuka mara mtu anapoiachia. Dawa yake ni kuhesabu kwa sauti, kundi zima pamoja.

Mwenye goti bovu hasamehewi zoezi, anapandishiwa kiti. Maumivu ya wastani wakati wa zoezi yanavumilika ikiwa yametulia kufikia asubuhi inayofuata. Yakilala naye na kuamka naye, mzigo unarudi nyuma hatua moja.

Aliyepatwa na kiharusi, mguu mdhaifu uwekwe nyuma kidogo ya ule mzima. Ukiuacha mbele, mguu mzima unafanya kazi yote na mdhaifu unakaa kama pambo.

Wiki ya 5: presha, sukari, choo

Kila mshiriki amepimwa presha akiwa amelala dakika 5, kisha amesimama dakika ya 1 na ya 3. Ikishuka 20 au zaidi kwa namba ya juu, au 10 kwa ya chini, jina linapelekwa kwa muuguzi ili daktari aangalie dawa, na mtu huyo anaanza kwa kukanyaga-kanyaga akiwa ameketi dakika mbili kabla ya kusimama. Wengi wao wanakunywa vidonge vya kupunguza maji mwilini na wakati huohuo wanapunguza kunywa maji ili wasiende chooni mara kwa mara. Hayo mawili yakikutana, kizunguzungu ni cha uhakika.

Kipindi kimewekwa saa 4 asubuhi, angalau saa moja na nusu baada ya uji, kwa kuwa presha hushuka pia baada ya kula. Hatuanzi ikiwa presha ya kupumzika iko juu ya 180 kwa 110, mtu ana homa, ana maumivu ya kifua, au mguu mmoja umevimba ghafla na unauma. Anayetumia dawa za kisukari, glibenklamidi au insulini, anapimwa sukari. Ikiwa chini ya 5 (mmol/L) anakula kwanza. Kwa wazee, sukari kushuka si lazima ianze na jasho na kutetemeka. Wakati mwingine mtu mchangamfu ananyamaza tu, au anakuwa mkali bila sababu.

Kuhusu choo: mahudhurio hafifu mara nyingi hutokana na hili na si uvivu. Mwanamke anayevuja mkojo anapoinuka hatakuja mbele ya watu kuinuka mara kumi. Sasa kila kipindi kinaanza kwa safari ya chooni, nayo inahesabiwa kama zoezi, na anayependelea hufanyia mazoezi chumbani.

Makazi kadhaa ya aina hii nchini yana wakazi waliowahi kuugua ukoma, na miguu isiyo na hisia ni jambo la kawaida humo, kama ilivyo kwa wenye kisukari cha siku nyingi. Kwao hatufungi uzito kifundoni kabisa. Mzigo unakaa kifuani au mgongoni, viatu havivuliwi, na baada ya kipindi ngozi ya nyayo inakaguliwa pamoja na katikati ya vidole. Mahali penye wekundu usiopotea, mguu huo haufanyi kazi ya kusimama hadi muuguzi aseme.

Wiki ya 7: wahudumu

Kikwazo cha wiki hii hakipo kwa wazee. Mhudumu mwenye watu wengi wa kuogesha kabla ya saa 3 humbeba mtu kwa makwapa na kumweka kitini kwa sekunde tano, wakati kumwacha ainuke mwenyewe kunachukua dakika nzima. Kwa kuvuta makwapa bega la mwenye kiharusi linateguka, mgongo wa mhudumu unaumia, na mkazi anapoteza zoezi lake bora la siku. Hakuna kipindi cha dakika 40 kitakachoshindana na kubebwa mara nane kila siku.

Tumekubaliana mambo mawili. La kwanza, mhudumu akishasema "Shikamoo babu, tuinuke," ahesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kugusa. La pili, msaada ni kwa mkanda wa kiunoni, wa turubai, upana sentimeta 8: mhudumu anasimama upande mdhaifu, nyuma kidogo, anashika mkanda kwa chini kiganja kikitazama juu. Hamvuti, anamwongoza. Kwa kazi ya kusimama, mhudumu mmoja anasimamia watu wasiozidi watatu. Kwa wanaohitaji mkanda, mmoja kwa mmoja.

Kwa waliopoteza kumbukumbu, maelezo ya hatua yameondolewa. Mwili unakumbuka kazi ambazo maneno hayawezi kuziita: kutwanga kwenye kinu ukiwa umesimama, kufagia baraza, kupeleka ndoo ndogo yenye lita 3 za maji kutoka bombani hadi kwenye mtungi. Mzigo unaongezwa kwa kuongeza maji.

Wiki ya 9: usawa

Zoezi la usawa ambalo mtu hayumbi halimfundishi chochote. Tunasimama kwenye reli, na ugumu unapandishwa kwa kupunguza mkono: kushika kwa kiganja chote, kuweka kiganja bila kushika, vidole viwili, kidole kimoja, mkono juu ya reli bila kuigusa. Baada ya hapo ndipo miguu inabadilishwa, kutoka sambamba hadi mstari mmoja, kisha mguu mmoja. Kubadilisha mkono na miguu kwa wakati mmoja ndiko kunakoleta woga, na aliyeogopa harudi.

Kugeuka kunapewa muda wake. Wanaoanguka wanapogeuka ni wengi, kwa sababu kichwa na kiwiliwili vinageuka huku mguu umebaki umepandwa. Tunafundisha hatua ndogo nyingi, kama kuzunguka sinia lililowekwa sakafuni, kulia na kushoto.

Kuhusu kuanguka tusizidishe ahadi. Tathmini ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima majaribio ya tiba, ilipitia majaribio ya makaoni na haikupata uhakika kwamba mazoezi peke yake yanapunguza kuanguka. Mwaka huohuo jaribio la Sunbeam la Australia, wakazi 221 wa makao 16, lilipata pungufu la asilimia 55, lakini lilikuwa la nguvu zinazopandishwa pamoja na usawa, jumla ya saa 50 katika wiki 25, kisha mwendelezo wa miezi sita. Tunalisoma hivi: dozi ndogo isitarajiwe kuleta matokeo makubwa, na anayepewa ujasiri wa kutembea kabla ya nguvu anaweza kuanguka zaidi.

Wiki ya 11: Ramadhani

Wengi wa wakazi ni Waislamu na wapo wanaofunga hata walioruhusiwa kula. Kwa wanaofunga, mzigo mzito umehamishiwa usiku, saa moja hivi baada ya futari, barazani penye taa. Mchana wanafanya kazi nyepesi ya kuketi. Anayekunywa dawa za sukari na bado anafunga hafanyi zoezi mchana kabisa. Hatukuongeza uzito mwezi huu. Lengo ni kutopoteza.

Kuna faida moja. Wengi wanataka kurudi kuswali chini badala ya kitini, na hilo limeleta zoezi la kuinuka sakafuni ambalo awali walilikataa. Mpangilio: kutoka kuketi, geuka ubavu, ingia magoti na mikono, mguu wenye nguvu uwekwe mbele, mikono juu ya kiti kilichoegemezwa ukutani, sukuma. Kushuka kunafundishwa kwanza, kwa hatua hizohizo kinyume. Mwenye goti lililokakamaa anaendelea na kiti, na sheikh wa jirani amewathibitishia kwamba swala ya kitini inatosha.

Wiki ya 13: kupima tena

Vipimo vimerudiwa kwa viti vilevile, viatu vilevile, saa ileile ya asubuhi. Kwa wastani wa kundi, badiliko la nusu alama ya SPPB linahesabika dogo lakini lina maana, na alama nzima ni badiliko kubwa. Kwa kasi ya kutembea, mita 0.05 kwa sekunde na mita 0.10 kwa sekunde. Kwa waliokuwa sifuri tunasoma kimo cha kiti. Vibao viwili vikiondoka, mtu amekaribia kabisa kimo cha kitanda cha chumbani mwake, na hilo ni jambo la kwenda kukagua kitandani kwenyewe, kwa sababu godoro la sifongo lililobonyea linakula sentimeta 5 au zaidi za kimo. Baadhi ya wanaoinuka vizuri barazani bado wanashindwa alfajiri kwa ajili ya godoro tu.

Daftari la kaunta limesaidia kuliko fomu. Kila mkazi ana ukurasa, na kila kipindi mstari mmoja: vibao, uzito, marudio, jibu la "ungeweza kuongeza ngapi", na neno moja la sababu kama hakuja. Mkazi ambaye mstari wake haujabadilika kwa wiki tatu anajadiliwa, na mara nyingi jibu ni mhudumu aliyesahau kuongeza mzigo.

Kazi zinazofuata: vibao vigumu vya kuweka chini ya magodoro, reli ya pili kutoka baraza hadi mlango wa choo, mita 9, nguzo za katikati zikizikwa kwenye zege kila mita 1.5, mikanda sita ya miguuni ya kilo 2. Vipindi vinashuka kutoka vitatu hadi viwili kwa wiki bila kushusha uzito, na kipimo kingine kitafanyika wiki ya 26.